Mfuko wa Phelesia

Phelesia aliketi ukingoni mwa kitanda cha hospitali, kidole gumba kimebana fundo la leso. Leso yenyewe ilizunguka nyonga za mumewe, Nchagwa, imekazwa sawasawa. Magoti nayo yalikuwa yameunganishwa kwa mshipi wa suruali. Asubuhi hiyo ukuta wa shimo la dhahabu kule Masara ulikuwa umemwangukia. Wenzake walishachemsha maji ili wamkande. Phelesia ndiye aliyewazuia.

"Nani alifunga hii?" daktari aliuliza.

"Ni mimi. Sista mmoja wa misheni alitufundisha."

"Usiifungue. Nyonga imevunjika, damu inavujia ndani. Dripu peke yake haitoshi, anahitaji damu."

"Basi mpeni, daktari."

"Friji ni tupu. Hapa jamaa atoe kwanza."

Phelesia akapimwa, damu zao zikalingana. Alilala kwenye benchi akiutazama mfuko ukijaa polepole. Sista Helen, muuguzi wa wodi, akauandika jina la Nchagwa. Kalamu ilikuwa inakauka, kwa hiyo herufi ya mwisho ilitoka nusu.

Aliporudi wodini, midomo ya Nchagwa ilikuwa rangi ya majivu.

"Wakiniwekea damu yako," alinong'ona, "nitaanza kugomba kama wewe."

"Utaanza kufanya kazi kama mimi."

Alitaka kucheka, maumivu yakamkataza. Tumbo lilikuwa limejaa na kukaza. "Nasikia baridi, mama Elvis. Imefika?"

"Inakuja."

Saa sita ikapita. Saa saba. Kila Phelesia alipouliza, Sista Helen alijibu huku akikunja mashuka: "Bado inapimwa, mama."

Akatoka kutafuta maji ya kulowesha midomo ya mumewe. Njiani alipita chumba cha kulipia, na mlango ulikuwa wazi. Ndani alikaa kaka wa diwani, mwenye biashara ya samaki Homa Bay, aliyekuja kupasuliwa ngiri kesho yake. Alikuwa akimenya yai. Juu yake ulining'inia mfuko, umebaki robo. Herufi ya mwisho ya jina ilikuwa nusu.

"Hiyo ni ya mume wangu," Phelesia alisema.

Sista Helen alitokea nyuma yake, akamshika kiwiko, palepale penye pamba ya kutolewa damu. "Punguza sauti. Daktari alipigiwa simu, huyu aongezwe nguvu."

"Basi nitoe nyingine. Sasa hivi."

"Haiwezekani, mama. Sheria inasema ukae miezi mitatu."

Mle ndani, mgonjwa alitia yai chumvi, akauma.

Phelesia akarudi kitandani. Nchagwa hakufungua macho.

"Imefika?"

Phelesia alishika fundo la leso kwa mikono yote miwili, akalikaza.