Mwanangu Mwonjaji

Jumatano asubuhi, siku ya tatu tangu Mathayo aache pombe, alinishika mkono jikoni akaniambia nitoke kwenye siafu. Nikatazama chini mara mbili, maana macho yangu ni ya zamani. Siafu hawakuwepo. Yeye alikuwa anawaokota mikononi mwake, anawatupa motoni, jasho linamtiririka kama amenyeshewa.

"Mama, wanakuingia masikioni!"

Hapo nikaogopa. Mwanaume wa miaka thelathini na minne, Jumapili alisimama kanisani akasema ameacha, tukampigia vigelegele, nikachinja jogoo. Hakugusa tone tena. Jumatatu mikono ikaanza kutetemeka, tukasema ni shetani anatoka. Jumanne akatapika mpaka nyongo, tukasema bado anatoka. Jumatano nikaona huyu shetani akitoka ataondoka na mwenye mwili.

Nikamwita Deo wa bodaboda. Mathayo hakuweza kukaa wima, kwa hiyo nilipanda nyuma yake nikajifunga naye kwa kitenge, mgongo wake kifuani kwangu.

"Bibi, huyu akijitupa tunaanguka wote watatu," Deo akasema.

"Basi usimpe muda wa kufikiria. Endesha."

Hospitalini walimlaza wodi ya wanaume. Daktari Peniel, kijana mwenye ndevu chache, akamfunulia macho, akampima mapigo ya moyo, akaniuliza, "Mama, huyu anakunywa pombe?"

Sasa sikilizeni nilipokuwa nimekaa. Kitanda cha pembeni alikuwa Afande Raymond, polisi wa kituo cha kwetu, amepasuliwa ngiri. Na mimi nyuma ya nyumba yangu nina pipa, chini ya pipa moto, na kinachodondoka kwenye mrija ni gongo. Tangu Mathayo ana miaka kumi na tisa kazi yake ilikuwa kuonja. Pipa likianza kudondosha, yeye anakinga glasi ya kwanza aniambie kama ina nguvu au ni maji. Anaonja na ya katikati, na ya mwisho. Mteja akinung'unika, anaonja tena mbele yake. Kwetu mwonjaji hahesabiwi na walevi. Yuko kazini.

"Hanywi," nikasema. Wala sikuona kama nimedanganya; tangu Jumapili hata kuonja alikuwa ameacha.

Afande akakohoa.

Basi wakasema huenda malaria imepanda kichwani. Wakamtoa damu. Tukiwa tunasubiri majibu, Mathayo akakakamaa, macho yakageuka meupe, kitanda kikaanza kugonga ukuta. Nesi Felista alimlaza ubavu, akaniambia nisimtie kitu mdomoni. Nilikuwa nimeshika kandambili yangu tayari, sijui nilitaka kumpiga nani. Povu likamtoka. Nilijua ndiyo basi.

Alipotulia, alikuwa amelala kama gogo. Daktari akanivuta pembeni ya kitanda.

"Mama, malaria hana. Sukari iko sawa. Nimempa sindano ya kutuliza, lakini nimempa kidogo kwa sababu sijui napigana na nini. Kama ni pombe aliyokatishwa ghafla, matibabu ni mengine, na lazima nijue alikuwa anakunywa kiasi gani. Degedege lile likirudi anaweza kufa."

Nikamtazama Afande. Macho yake yalikuwa wazi, yananitazama. Gerezani huko, kwa umri wangu, nani atanikanda magoti? Nikamtazama Mathayo. Kifua kilipanda, kikakaa huko juu muda mrefu kabla ya kushuka.

"Anaonja," nikasema.

"Anaonja nini?"

"Gongo."

"Mara ngapi kwa siku?"

Nikahesabu kwa vidole. Mkono mmoja ukaisha, nikaingia wa pili, nao ukaisha, nikamwomba Felista mkono wake.

"Kwa kifuniko?" Felista akauliza.

"Kwa glasi. Ile ya chai."

Kalamu yake ikasimama. "Bibi, huko siyo kuonja."

"Kwa miaka mingapi?" daktari akauliza.

"Kumi na mitano."

"Na anaitoa wapi?"

Mzee mmoja wa kitanda cha mbele, aliyening'inizwa mguu, akageuza kichwa asikie. "Kwangu," nikasema. "Mimi ndiye napika. Mimi ndiye nampa glasi."

Afande akavuta shuka mpaka kichwani. "Mimi nimelala, mama," akasema humo ndani. "Dawa zao hizi zinalevya."

"Lala, baba. Ila daktari akikuuliza wewe, usiseme unaonja."

Hakuna aliyecheka sana. Daktari alikuwa ameshaanza kazi: dripu, vitamini kwenye mshipa, dawa ya kutuliza tena, safari hii ya kutosha. Akanieleza kwamba mwili uliozoea hivyo hukatishwa taratibu, hospitalini, mtu akiangaliwa. Kwamba jogoo wangu nilimchinja mapema. "Siku mbili hizi ndizo mbaya," akasema. "Siwezi kukuahidi kitu."

Nilikaa nikimtazama anavyopumua. Alhamisi alimfukuza Felista akimwita hayawani, akanifukuza na mimi kwa jina la marehemu baba yake. Nikamwomba Mungu. Nikamwambia, mponye, pipa nalitoboa. Halafu nikaona nabishana naye bei kama mteja, nikaona aibu.

Ijumaa adhuhuri Mathayo alifungua macho, akanijua. Akaomba maji. Akauliza ni siku gani. Nilikuwa nimeshaandaa utani wa kumkaribisha, kwamba Afande amempa salamu. Daktari akaja, akasema Jumatatu tukijaliwa ataruhusiwa, akauliza anaenda kukaa wapi.

Mathayo akanishika gauni. Mtu mzima yule.

"Mama, usinipeleke nyumbani."

Alikuwa anaogopa. Nilidhani kwanza ni yale mambo ya kichwa yamerudi, lakini macho yalikuwa safi, yananitazama mimi. Utani wangu sikuuona ulikokwenda.

Nikamwomba Felista simu, nikampigia binti yangu Aneth, aliyeolewa Kintinku, ambaye kwa sababu ya lile pipa hajakanyaga kwangu miaka minne.

"Shikamoo mama," akasema haraka. "Mathayo amekufa?"

"Hajafa. Njoo umchukue Jumatatu, akae kwako."

"Na wewe unakuja naye?"

"Mimi hapana," nikasema. "Mimi usinikaribishe kwanza."