Hodi kwenye Kichaka cha Tisa

Saa mbili na robo asubuhi, wafanyakazi kumi na mmoja wa kiwanda cha kushona mashati walikuwa wamepanga foleni kwenye geti la hifadhi ya vichaka, kila mmoja na chupa yake ya maji na kofia ya kuazima. Yalikuwa matembezi yao ya mwaka. Mwaka uliotangulia walipelekwa kuona bwawa wakalikuta limekauka, kwa hiyo safari hii hakuna aliyejipa matumaini makubwa.

Mwongozaji, mwanamume mrefu mwenye filimbi shingoni, aliwasomea masharti. Wasivunje tawi. Wasiache taka. Kwenye kila kichaka chenye namba wapige hodi na wangoje kukaribishwa kabla ya kukatiza. Anayeingia bila kuambiwa karibu anaandikwa kwenye kitabu cha waliofutwa, na hataingia tena hifadhini maisha yake yote. Msimamizi wao, ambaye walimwita Mkasi kwa jinsi alivyozoea kuwakata watu maneno, aliuliza ni nani huyo wa kuwakaribisha porini. Mwongozaji akasema ni sauti asilia, zimo kwenye kipeperushi, ukurasa wa tatu, baada ya ndege. Humu hawajawahi kukaa watu, aliongeza, na bango nyuma yake lilisema hivyohivyo kwa herufi za kijani.

Mama Kola hakuuliza kitu. Alikuwa ameshona kola kwa miaka thelathini na moja, na jina lake la kuzaliwa lilibaki kwenye orodha ya mishahara tu. Alizaliwa humo, kwenye kichaka cha tisa, kilipokuwa bado nyumba ya vyumba viwili. Alipokuwa na miaka saba alitumwa kwa shangazi yake, ng'ambo ya barabara. Aliporudi, malori ya hifadhi yalikuwa yameshawabeba waliokubali kupanda, na njia imefungwa kwa kamba. Mama yake hakupanda. Hifadhi haikuwahi kuruhusu watembeaji mpaka mwaka huu, na Mama Kola alijiandikisha siku ileile tangazo lilipobandikwa. Alitaka kumsikia mama yake. Alikuwa na hofu moja tu, kwamba mama hatamtambua.

Kichaka cha kwanza kiliwakaribisha kabla hawajamaliza kusema hodi. Cha pili kiliwaambia wangoje kidogo, kinavaa. Wakangoja, wamegeuza nyuso pembeni kwa adabu. Cha nne kiliuliza kama wameleta barua yoyote. Mkasi akasema hapana, nacho kikasema basi piteni tu, si neno. Cha sita walikizunguka kwa sababu ndani mume na mke walikuwa wanagombana, na ya watu wawili usiyaingilie.

Saa tano na nusu walifika cha tisa. Kilikuwa cha miiba, kirefu kuliko mtu, na mlango wake ukitazama upande wa njia. Mama Kola alijifuta vumbi, akapiga hodi. Kimya. Akapiga ya pili, kimya. Mkasi akaona wanacheleweshwa, akasogea akapiga yeye.

"Karibu, baba. Pita tu," sauti ikamjibu papo hapo.

Mama Kola ilimuuma. Ilikuwa sauti ya mama yenyewe, na ilikuwa imemjibu Mkasi. Akapiga hodi ya tatu, ambayo ndiyo ya mwisho kwa mtu mwenye adabu zake.

"Tangu lini mtoto akapiga hodi kwao?" sauti ikauliza. "Ingia, unaniwekea mlango wazi."

Mwongozaji alieleza kwamba hilo halihesabiki. Kwa mujibu wa masharti, karibu ni neno lenyewe, na halijatamkwa. Alisema hana ubaya na mtu; mama akilitamka tu, mambo yanaisha.

"Mama, sema karibu," Mama Kola akaomba. "Usiposema, hawataniruhusu kuja tena."

"Nikukaribishe kwenu? Wageni ndio wanakaribishwa."

Dada anayeshona vifungo kiwandani alisema chinichini, mkataa kwao mtumwa. Mama Kola alivua kofia, akainama, akaingia.

Alikaa humo dakika arobaini. Wenzake walikaa kivulini wakala mkate na mayai. Walimsikia akilia kwa sauti, kisha wakamsikia akigombezwa kwa kuchelewa, kisha akiulizwa kama amekula. Wakapunguza mazungumzo yao. Alipotoka, nywele zake za mvi zilikuwa zimesukwa mistari mitano, kama za mtoto wa shule, zimekazwa mno mpaka nyusi zilikuwa zimepanda. Mwongozaji akaitazama saa, akapuliza filimbi, wakaendelea na cha kumi.

Getini mlinzi alifungua kitabu cha waliofutwa. Alikuwa kijana mpole, na alimletea Mama Kola kiti. Aliandika jina lake, tarehe, na kosa. Kisha akauliza anatoka wapi.

"Humu," Mama Kola akasema.

"Mama yangu, humu hakujawahi kutoka mtu," mlinzi alisema kwa upole. Akaandika "Kiwandani", akamgeuzia kitabu aweke sahihi. Mama Kola akaweka. Zilikuwa zimebaki dakika kumi geti lifungwe, na wageni wote walitakiwa wawe nje.