Ukoo wa Mtu wa Magamba

Kigozi aliisimamisha filamu mara ya nne, palepale. Kwenye kompyuta yake kuukuu jambazi mwenye jicho la chuma alikuwa ameuliza, "Wewe nani?" na yule fundi bomba wa Kimarekani, aliyeota magamba mgongoni baada ya kutumbukia katika majitaka ya kiwanda, hakujibu. Alimkazia macho tu, sekunde sita za kimya. Kigozi alikuwa vijei, mtu wa kusimama kibandani na maikrofoni akiwasemea Wamarekani kwa Kiganda, na vijei yeyote angezitumia sekunde hizo kunywa maji. Vijei mwenzake, Jjemba, hakunywa maji. Ndiyo maana mji mzima wa Nyendo ulimjua Jjemba.

Miaka kumi na moja iliyopita Nalongo, mama wa mapacha mwenye kibanda cha video, alileta filamu mbili. Kigozi alichagua kwanza, kwa kuwa ndiye aliyemfundisha Jjemba kazi. Moja ilikuwa na helikopta sita kwenye jalada. Nyingine ilikuwa na mtu mwenye ovaroli ya njano, ameshika spana.

"Mpeni Jjemba hiyo ya mzibua vyoo," Kigozi alisema, na watu wakacheka, Jjemba mwenyewe akiwamo.

Helikopta zilidumu wiki moja. Mzibua vyoo hakutoka mjini tena, kwa sababu ya zile sekunde sita. Jjemba alimfanya aseme kile ambacho Muganda yeyote husema akiulizwa ni nani mbele ya wazee, yaani jina lake, la baba, la mkuu wa ukoo, na ukoo wenyewe: "Mimi ni Katongole, mwana wa Katongole, wa kwa Ndugwa, ukoo wa Kakakuona!" Kwa magamba yale, angekuwa wa ukoo gani mwingine? Siku hiyo mabenchi yalivunjika. Wanaume wa ukoo wa Kakakuona walianza kuja na wakwe zao, wamevaa kanzu, kana kwamba wanakwenda kwenye utambulisho wa bibi harusi.

Kigozi hakuwahi kuitazama. Akisikia kelele za kibandani alizunguka njia ya sokoni. Alimwonea Jjemba wivu, na aliyajua hayo, na hakuyaacha. Sasa Jjemba alikuwa amepasuliwa koo na sauti imekwenda moja kwa moja. Nalongo alitaka filamu ionyeshwe tena Jumapili baada ya misa, kwa heshima ya Jjemba.

"Umebaki wewe tu," alimwambia Kigozi. "Hawa vijana wanaorekodia studio hawawezi kusimama mbele za watu."

"Nitatia maneno yangu."

"Tia, nani kakukataza? Ila usituharibie."

Basi aliitazama wiki nzima, akiomba iwe mbaya. Haikuwa mbaya. Fundi alichekesha bila kujitahidi, na mjomba wake alipokufa, Kigozi alijikuta anapangusa pua. Filamu hii ingekuwa yake. Aliitoa kwa mkono wake mwenyewe, tena akicheka.

Lakini sekunde sita zilikuwa bado zipo. Kuanzia Jumapili fundi angekuwa wa ukoo wa Fungo, ukoo wake Kigozi, na mji ungesahau habari ya Kakakuona.

Jumapili watu walijaa hadi madirishani. Jjemba alikaa benchi la mbele, amekonda, skafu shingoni. Alimpa Kigozi mikono yote miwili na kutabasamu. Kigozi aliichukia tabasamu ile, akaitikia.

Saa ya kwanza ilikwenda vizuri mno. Aliwachekesha, akawaliza, akawachekesha tena. Nalongo alikuwa anafuta machozi kwa ncha ya vazi lake la gomesi. Jambazi akauliza, "Wewe nani?" na kibanda kizima kikavuta pumzi.

"Mimi ni Kigozi," alinguruma, "mwana wa Kigozi, wa kwa Walusimbi, ukoo wa Fungo!"

"Eti nani?" mwanamke mmoja aliuliza.

"Wewe bwana!" Mzee mwenye kanzu alisimama. "Huyo ni mtoto wa kwetu! Unamhamisha ukoo umetuuliza?"

"Fungo ana magamba wapi?" mwingine akadakia.

"Mimi mwanangu nimemwita Katongole kwa ajili yake," mwanamke akasema, na hakuwa anatania. "Leo nimwambie baba yake ni nani?"

Mzee wa kanzu ndiye aliyeanza. Alipofika kwenye maneno "wa kwa Ndugwa" walikuwa wote wamesimama, wanaitaja nasaba kwa sauti moja, neno kwa neno kama alivyoisema Jjemba, huku filamu ikienda zake bila mtu wa kuisemea. Kigozi alishika maikrofoni kifuani, uso unamwaka. Angetoa filamu zote alizowahi kutafsiri apate sentensi moja ambayo watu wangeigombania hivi.

Alimtazama Jjemba. Jjemba alikuwa amegeuka kumtazama, na hakutabasamu. Alikuwa anangoja kuona atafanya nini.

Kelele zilipungua. Kwenye skrini jambazi alikuwa amelala chini ya mguu wa fundi, akimtukana. Kigozi akaligeuza tusi kuwa swali: "Umesema wewe nani?" Kisha akajibu haraka haraka, kama mtu anayemeza dawa chungu.

"Mimi ni Katongole mwana wa Katongole wa kwa Ndugwa uko..."

Jjemba aliinua mkono, kiganja chini, akaukandamiza hewani mara mbili. Polepole.

Damu ilimpanda Kigozi kichwani. Yeye ndiye aliyemfundisha mtu huyu namna ya kupumua mbele ya maikrofoni, na leo asiye na sauti anamfundisha kusema, mbele ya Nyendo nzima. Alitamani kuibwaga maikrofoni atoke. Fundi bado alikuwa kimya, mguu juu ya kifua cha jambazi, na watu walikuwa wanangoja.

Akavuta pumzi, akaianza upya nasaba ile, polepole, macho yake kwenye mkono wa Jjemba.