Mafuta ya Gari Jekundu

Neno lenyewe nililisema mimi. Aliyemfukuza mzee Salvatory kazi ni Kasmiri, na waliomwita mwizi ni watu wa Bariadi, lakini neno lilitoka kinywani mwangu, nimeinama juu ya injini na spana mkononi, wala sikulifikiria mara mbili.

Ilikuwa mwaka wa tisini na sita, siku zile watu binafsi walipoanza kununua pamba. Chama chetu cha ushirika kilikuwa hoi. Malori yake yalipandishwa juu ya mawe, na madereva wake wakarudi nyumbani kulima. Wanunuzi wapya walitoka Mwanza, walitoka Shinyanga, na mmoja alitoka hapa hapa kwetu. Huyo ndiye Kasmiri. Alianza na lori moja bovu ambalo mimi, Mihayo, nililifufua kwa mikono yangu. Msimu uliofuata alikuwa na ghala. Msimu wa tatu akashusha bandarini gari la spoti, Celica nyekundu, milango miwili, limelala chini kama mjusi anayeota jua.

Barabara zetu na gari lile vilikuwa havipatani hata kidogo. Lakini Kasmiri alitaka wakulima wamwone akifika kwenye vituo vya kununulia, wajue kwamba huyu si mnunuzi wa kuondoka na pamba yao bila kurudi. Kuliendesha akamchukua mzee Salvatory, aliyeendesha malori ya ushirika miaka ishirini na miwili. Alikuwa mtu mrefu, mkimya, wa jumuiya yetu pale kanisani. Kila safari aliiandika kwenye daftari la shule: ametoka wapi, amefika wapi, mita ya gari inasomaje, tangi limeingia lita ngapi. Hakuna aliyemwagiza. Ndivyo alivyozoea.

Shida yetu ilikuwa petroli. Wakati ule ilikuja kwa mapipa, na kuna wiki haikuja kabisa. Siku moja gari lilizimika njiani likitoka Mwanhuzi, Kasmiri akiwa ndani na suti yake, akasukumwa na wachunga ng'ombe mpaka kijijini. Kesho yake akaja gereji.

"Fundi, hili gari linakunywa kama ng'ombe wa kiangazi. Kwanza nipimie linakula kiasi gani, halafu lipunguze."

Nikafurahi. Kazi ya namna ile hakuna aliyewahi kunipa. Nilijaza tangi mpaka mdomoni, nikaliendesha mimi mwenyewe hadi Maswa na kurudi, nikajaza tena mpaka pale pale, nikagawa. Kilomita tisa kwa lita. Nikafungua kabureta nikaisafisha, nikabadili plagi, nikarekebisha taimingi, nikatoa kisafisha hewa kilichoshiba vumbi la barabara nikaweka kipya, nikalegeza breki ya nyuma iliyokuwa inang'ang'ania gurudumu. Nikarudi tena Maswa kwa njia ile ile. Kilomita kumi na moja.

Kasmiri alinisifia mbele ya watu. Habari zikaenea: fundi Mihayo amelifundisha gari la spoti kufunga. Nilitembea mjini kifua mbele.

Wiki iliyofuata mzee Salvatory alilalamika kwamba tumbo la gari linagonga mawe. Nikatafuta matairi marefu zaidi, ya gari dogo la mizigo, nikayafunga. Gari likanyanyuka, mawe yakaacha kugonga. Sote tukaridhika.

Mwezi mmoja baadaye Kasmiri akaingia gereji na lile daftari la shule. Ilikuwa Jumamosi, gulio limejaa, na nje ya gereji walikuwa wamekaa watu kama ishirini wakisubiri usafiri.

"Fundi, uliniambia kumi na moja. Hapa naona tisa na nusu. Wiki zote nne, tisa na nusu. Kazi yako imeharibika?"

Swali lile lilinichoma. Sikutoka chini ya boneti. Nikamjibu kwa sauti ya kusikika nje, "Bosi, mimi nimepima kwa mkono wangu. Gari halina kosa. Muulize anayeliendesha mafuta yanakwenda wapi."

Basi. Maneno hayo tu.

Mzee Salvatory alikuwa amesimama mlangoni, kofia mkononi. Kasmiri akamgeukia. "Umesikia, mzee? Mafuta yangu unamuuzia nani?"

"Sijauza, bosi. Kila lita nimeandika humo."

"Mwizi naye anajua kuandika."

Kule nje wakacheka. Mzee akanitazama. Alinitazama kama mtu anayemsubiri mwenzake amalizie sentensi. Mimi nikarudi kwenye injini. Yeye aliweka ufunguo wa gari juu ya meza yangu, akaondoka kwa miguu.

Kuanzia siku hiyo Kasmiri akaendesha mwenyewe. Mwishoni mwa mwezi wa nane alinichukua twende Mwanza kutafuta vipuri vya lori. Tulipofika Lamadi tukaingia lami, na karibu na Mkula nikaanza kutazama vile vibao vya kilomita kando ya barabara, kwa kuwa sikuwa na la kufanya. Mara nikaona kitu. Tulikuwa tumepita vibao vitatu, na mita ya gari bado haijatimiza tatu. Nikahesabu upya, kwa makini, tangu kibao kimoja. Mita iliposoma kilomita kumi kamili, kibao cha kumi na moja kilikuwa ndiyo kinatupita.

Mtu yeyote anayeendesha baiskeli analijua hili: gurudumu kubwa likizunguka mara moja linafika mbali kuliko dogo. Mita ya gari haijui umbali, inahesabu mizunguko tu. Mimi ndiye niliyefunga matairi makubwa. Tangu siku ile gari lilikwenda kilomita kumi na moja na kuandika kumi. Nikapiga hesabu kichwani: tisa na nusu za daftari zilikuwa kumi na nusu za barabarani. Hiyo nusu iliyobaki ni uzito wa matairi yenyewe. Hakuna tone lililoibwa.

"Mbona umenyamaza, fundi?" Kasmiri aliuliza.

"Usingizi, bosi."

Ningeweza kusema pale pale. Tulikuwa wawili tu garini. Badala yake nilisubiri turudi Bariadi, nikamwambia matairi yale yameanza kuchanika, nikarudisha ya zamani na kuongeza springi ili tumbo lisigonge. Kisha nikapima tena. Kumi na moja.

Kasmiri akasimama katikati ya gereji akapiga makofi. "Mnaona? Mwizi akiondoka, tangi linajaa!"

Watu wakacheka. Na mimi nikacheka. Nimewahi kukosea mambo mengi katika maisha yangu, lakini kicheko kile ndicho kinachonikuta hata leo nikiwa nanawa mikono, nikiwa nakula, nikiwa kanisani.

Mke wangu Felisita ndiye aliyenifungua. Tulikuwa uani, yeye anachambua mchele, na akaanza kunieleza habari za Nyamizi, mke wa Salvatory. Walikuwa wamehama, wamekwenda Mwanhuzi kwa kaka yake Salvatory, watu wazima wote wawili wanaishi kwenye boma la mwenzao kama wageni.

"Na kuna jambo baya zaidi," alisema. "Mzee anadhani ni Shida aliyekuwa ananyonya mafuta gari likilala ghalani. Amemwambia usoni. Shida naye amekula kiapo kwamba hatamsalimia tena mpaka kaburini."

Shida alikuwa mlinzi wa ghala la Kasmiri. Yeye na Salvatory walikuwa marafiki tangu ujana wao, walifanya kazi ushirika pamoja, mmoja akiendesha na mwenzake akilinda.

"Shida hajaiba," nikasema.

"Umejuaje?"

Nikamweleza yote, matairi, vibao, mpaka kile kicheko. Felisita aliweka ungo chini. Nilitegemea atanifariji, kama kawaida yake.

"Umejua tangu lini?"

"Wiki tatu."

"Wiki tatu," alirudia. "Na Jumapili zote tatu umepokea komunyo."

Akainuka akaingia ndani, akaniacha na kuku wanaodonoa mchele.

Siku ya pili yake nilidandia lori la pamba linalorudi tupu Mwanhuzi. Nilimkuta mzee Salvatory kwenye mchanga wa mto uliokauka, anachimba shimo la maji ya ng'ombe pamoja na kaka yake. Alikuwa amekonda. Dereva anapochukua jembe uzeeni, mikono yake inasema.

"Mwadila, bhabha," nikamsalimia kwa kilugha.

"Mwadila, ng'wanawane. Mhola?" Aliniita mwanangu.

"Mhola duhu," nikajibu, kwamba ni salama tu, ingawa haikuwa kweli.

Kaka yake akajitenga. Nikapiga goti palepale kwenye mchanga, nikamweleza. Nilichora magurudumu mawili kwa kijiti, dogo na kubwa. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza swali moja tu.

"Kwa hiyo Shida hakuchukua?"

"Hakuna aliyechukua, baba. Mafuta yote yaliingia kwenye injini."

Akakaa chini. Nilidhani atanipiga, na ningefurahi anipige. Alifunika uso kwa viganja vyenye matope. "Nilimwita nyoka," alisema. "Mtu aliyenizikia mtoto wangu, nilimwita nyoka."

Ng'ombe walikuwa wanasogea wakisikia harufu ya maji.

"Turudi wote Bariadi, baba," nikasema. "Nitawaambia watu ukiwa pale."

"Siji. Nikija watasema nimekuroga, au nimekuhonga. Maneno yako uliyasemea wapi?"

"Gereji."

"Siku gani?"

"Jumamosi. Siku ya gulio."

"Basi unapajua, na siku unaijua." Akainua jembe. "Ukimaliza huko, mwambie Shida nataka kumwona. Hilo ndilo ninaloliomba kwako. Mengine ni ya kwako mwenyewe."

Jumamosi ilipofika nilimwita Kasmiri gereji, nikamwita na Shida. Watu hawakuhitaji kuitwa. Nilichora mstari wa chaki kwenye sakafu, nikatia alama kwenye tairi dogo na tairi kubwa, nikayasukuma yote mawili mzunguko mmoja mmoja. Dogo likasimama. Kubwa likalipita kwa hatua nzima ya mtu, hapana, naongeza chumvi. Lilipita kwa shubiri moja. Lakini shubiri hiyo kila mmoja aliiona.

"Hiyo hapo," nikasema, "ndiyo petroli mliyosema mzee Salvatory ameiba. Tairi nililifunga mimi. Niligundua kosa langu nikaficha, nikabadili matairi msijue. Mzee hakuiba. Shida hakuiba. Mwongo ni mimi."

Hakuna aliyecheka. Mama mmoja muuza dagaa akasema "Yesu wangu," akachukua beseni lake akaondoka.

Kasmiri alikuwa amewiva uso. "Fundi, hili ungenieleza ofisini. Umenivua nguo mbele ya wakulima wangu."

"Mzee naye tulimvua hapa hapa, bosi."

"Tulimvua? Ulimvua wewe!" Akapanda gari lake jekundu, na tangu siku hiyo halikuingia tena gereji kwangu, wala malori yake. Hata hivyo, nitamtendea haki: alituma mtu Mwanhuzi kumwomba mzee arudi kazini. Mzee alishukuru, akakataa.

Shida alisikiliza ujumbe wa rafiki yake, akaingia nyumbani, akatoka na baiskeli yake na chupa ya maji, akashika njia ya Maswa. Mwanhuzi si karibu kwa mtu wa umri ule. Alirudi siku ya nne, miguu imevimba. Felisita aliniambia kwamba Nyamizi alimpokea kwa kuchinja jogoo, na kwamba wazee wale wawili walikaa mtoni kutwa nzima haijulikani wanaongea nini.

Mwaka uliofuata mwenye mashine ya kukoboa pale Binza, Maswa, alimchukua mzee Salvatory aendeshe lori lake. Tajiri huyo hununua mpunga mpaka huku kwetu, hivyo tunaonana. Kila akipita mbele ya gereji yangu anasimamisha lori, anashuka, ananipa mkono. Anauliza habari za Felisita. Tukikutana kanisani siku za sikukuu ananitakia amani kama anavyowatakia wengine.

Ila lori lile likiharibika, hata likiharibikia mlangoni pangu, hulivuta kwa kamba mpaka kwa fundi Marcelo ng'ambo ya soko. Mwaka jana lilizima mita kumi kutoka nilipokuwa nimesimama. Nikavuka barabara na spana zangu.

"Baba, acha nitazame. Ni plagi tu hiyo, naisikia."

"Asante, ng'wanawane," akasema kwa upole, huku anafunga kamba. "Kaendelee na kazi zako."

Kamba ilipokaza, nikamsaidia kusukuma lori kwa nyuma.