Ripoti ya Chumba Namba Saba

Jumatatu ya tatu ya Januari, saa mbili na nusu asubuhi, wafanyakazi wa kituo cha umeme wa nyuklia cha Kazeura walikuwa wamemaliza mazoezi ya viungo ya redioni, na Orikasa Mikiyo alikuwa ameshafungua dirisha la kupokea ripoti za matukio. Aliwasha hita ya mafuta ya taa, akabandika birika juu yake, akachonga penseli mbili. Mtu wa kwanza kwenye foleni alikuwa Unuma Tokuji, msimamizi wa mafundi wa valvu, aliyefariki mwishoni mwa Novemba.

Alivaa ovaroli yake ya kazi, ila upande wa kulia ulilala juu ya wa kushoto, kama wanavyovishwa maiti. Mlinzi wa getini alikuwa amemkumbusha kofia ngumu, naye akaivaa bila ubishi.

Mikiyo alimpa pole, maana hakuweza kufika mazishini, kisha akamuuliza shida yake.

"Fomu yangu," alisema Unuma. "Ile ya Agosti. Imefikia wapi?"

"Imerudishwa, mzee."

"Tena?"

"Tena. Lakini zile siku zako arobaini na tisa, za roho kukaa duniani, si zimekwisha? Mimi nilijua umeshakwenda zako."

"Zimekwisha wiki iliyopita. Nimeomba ruhusa."

Fomu yenyewe ilikuwa ya ukurasa mmoja. Ilieleza kwamba valvu ya chumba namba saba inavuja maji ya kinu, yenye mionzi, na kwamba tarehe tisa Agosti maji hayo yalimmwagikia Unuma kuanzia shingoni hadi soksi. Mara ya kwanza ilirudishwa kwa sababu ya muhuri, ambao huko kila mtu ana wake badala ya saini. Katika ofisi ile mdogo huupiga muhuri wake ukiwa umeinama kidogo kushoto, ili uonekane unauinamia muhuri wa mkubwa ulio pembeni yake. Unuma, mtu wa mabomba, aliupiga wake wima kama mlingoti. Mara ya pili mkuu wa kitengo, Bwana Nezu, aliomba "kuvuja" iwe "kudondoka". Mara ya tatu aliomba "kudondoka" iwe "unyevu". Mara ya nne aliomba iongezwe "wa msimu", na fomu iliporudi ili Unuma aipige muhuri upya, Unuma alikuwa amelazwa na damu yake imeshaharibika. Kampuni ya mkandarasi iliyomwajiri ilimpelekea kikapu cha matunda.

Mikiyo alikuwa na sababu yake ya kutaka ripoti ile ipite. Mdogo wake Ryohei, kitinda mimba wa kwao, alikuwa fundi wa kikosi hichohicho, na kila siku ya tatu zamu ya kuingia chumba namba saba kukaza valvu na kufuta sakafu ilimwangukia yeye. Ripoti ikipita, kanuni zinataka chumba kifungwe na valvu ibadilishwe. Isipopita, basi hakuna kilichovuja, na kisichovuja hakitengenezwi.

"Basi nipe niipige muhuri yaishe," Unuma alisema.

Muhuri alikuwa nao. Mkewe aliutia ndani ya jeneza akihofu kwamba huko aendako wataudai, nao ukachomwa pamoja na maiti yake. Aliubonyeza kwenye wino mwekundu wa Mikiyo, akaupiga, safari hii umeinama inavyotakiwa. Alama ikatoka ya kijivu. Akarudia mara tatu, kijivu.

"Kanuni zinasema nyekundu, mzee," Mikiyo alisema.

"Wino si wako? Sasa mimi nimlaumu nani?"

Mikiyo akafanya jambo ambalo hakuwahi kulifanya kwa miaka kumi na mmoja. Alifunga dirisha, akaichukua fomu mkononi, akaenda nayo mwenyewe ofisini kwa Nezu. Unuma alimfuata, akavua buti mlangoni, akavaa ndala za wageni.

Nezu alikuwa mtu mwenye adabu zake. Alisimama, akainama, akampa marehemu pole ya kifo chake, akaagiza chai na mkate wenye maharage matamu. Unuma aliikodolea chai macho hadi ikapoa.

"Hali ya chumba ikoje kwa sasa?" Nezu aliuliza.

"Kinavuja. Leo asubuhi nimeweka ndoo ya tatu. Maji yakizidi yanaingia mferejini, na mfereji unaishia baharini, wewe mwenyewe unajua."

"Umeingia leo asubuhi?"

"Nimekaa saa nzima."

"Bila kipimo cha mionzi?"

"Mimi msimamizi, bosi. Siwezi kuingia bila kipimo." Unuma alikitoa mfukoni. Alikuwa amekichukua mlangoni kama mfanyakazi mwingine yeyote.

Kilisoma sifuri. Nezu alikigonga mezani, kikasoma sifuri. Aliagiza kingine kipya, akamwomba Unuma aende tena kwa saa moja, na Unuma akaenda, akarudi ovaroli ikichuruzika maji. Sifuri. Nezu aliiweka chini kalamu yake ya kusahihishia, akapiga simu kwa kampuni iliyokuwa imemwajiri Unuma. Kabla ya chakula cha mchana mkataba mpya ulikuwa mezani.

"Na valvu?" aliuliza Unuma.

"Tutaiangalia."

"Na vijana wangu? Kina Ryohei?"

"Hawataingia tena mle. Utakuwa unaingia wewe, kila siku."

Unuma alimgeukia Mikiyo, kama mtu anayeomba ushauri. Mikiyo alijua kwamba akisema neno moja la kupinga, mzee yule angekataa. Hakulisema. Aliona nafuu, halafu aibu ikaja nyuma yake na ikakaa.

Ripoti ilifungwa siku ileile. Iliandikwa kwamba chumba namba saba hakina mtu aliye hai anayepata mionzi, kwa hiyo hakuna tukio. Unyevu wa msimu ulibaki kama ulivyoandikwa.

Ryohei akaanza kurudi nyumbani mapema. Wakila jioni, figili na mayai yaliyochemka kwenye sufuria moja katikati ya meza, alimpa dada yake habari za kazini.

"Mzee wamembana kweli. Hata mapumziko hana."

"Kwa nini?"

"Eti saa za mapumziko ni za walio hai. Imeandikwa. Leo nimemwachia tonge la wali mlangoni, akacheka. Ananiambia, 'We mjinga, nani kakwambia nakula? Niwashie ubani.'"

"Na wewe ukawasha?"

"Sasa ningemnyima?"

Kesho yake asubuhi dirisha la Mikiyo lilipokea ripoti ya kijiti cha ubani kilichokutwa kinawaka nje ya chumba namba saba, kinyume na kanuni za moto. Haikurudishwa hata mara moja. Kabla ya saa nane mchana ilikuwa na mihuri yote saba, tangazo limebandikwa korido nzima, na Ryohei ameandika barua ya kujutia kosa.

Mwezi Februari Unuma alikuja tena dirishani. Mikono yake ilikuwa imeanza kupitisha mwanga.

"Mikiyo, mwanangu, niulizie. Mkataba wangu unakwisha lini? Mke wangu ameshanifanyia kila kitu, kaburi limesafishwa, mimi tu ndiye sijafika."

Mikiyo alimuulizia. Nezu alifungua mkataba, akausoma kwa makini, na akasikitika kwa dhati. Mkataba unakwisha mfanyakazi anapofariki, alisema, na kifungu hicho kimeshapita.

Mikiyo alimpelekea Unuma jibu hilo kama lilivyo. Unuma akafunga kamba ya kofia chini ya kidevu, akarudi kazini. Mikiyo alilia chooni kwa dakika kumi, akanawa uso, akafungua dirisha.

Machi, chumba namba tisa kilianza kuvuja, kisha namba kumi na mbili. Unuma alikuwa mmoja tu. Ilipofika Aprili, mwaka mpya wa kazi, ofisi ikatoa fomu mpya ya ukurasa mmoja. Ilimtaka kila fundi akubali, kwa hiari yake na akiwa na akili timamu, kuendelea na kazi baada ya kufariki. Asiyeijaza hakulazimishwa, ila hakuandikishwa kwa mwaka ule. Foleni ilianza asubuhi na mapema na watu walitaniana, huyu akisema atakuja kazini bila kunyoa ndevu, yule akisema mkewe ndiye aliyefurahi.

Ryohei alikuwa wa kumi na nne.

"Dada, fanya chapchap. Wenzangu wananingoja."

"Umeisoma?"

"Kila mtu ameisoma."

"Nimekuuliza wewe."

"Sasa dada, niende wapi? Nikavue kamba?" Alicheka, kisha akaacha kucheka. "Pokea tu. Watu wanatutazama."

Mikiyo aliisoma fomu mstari kwa mstari, kisha akaanza upya kutoka juu. Alitafuta tarehe iliyokosewa, jina lililofutwa, kisanduku kilichorukwa, kitu chochote cha kumfanya airudishe. Ryohei alikuwa mtu makini tangu utotoni. Hapakuwa na kosa hata moja, naye Mikiyo akaipokea.