Bibi wa Dobi Ndani ya Gari Jekundu

Jumamosi asubuhi, Alfani, dobi wa koleji ya mapadri pale Kisangani, alimaliza kupiga pasi mapazia ya ukumbi mkubwa, akayatupia begani na kwenda kuyatundika kabla wageni hawajafika. Ilikuwa mwaka 1956. Padri Mkurugenzi alikuwa ameandaa maonyesho, ili wakubwa wa mji waone vitu ambavyo wafanyakazi wake hutengeneza baada ya kazi. Alfani alikuwa amemchora mke wake, Nyota, juu ya shuka kuukuu la bwenini, kwa bluu ya kufulia, makaa na unga wa tofali. Alimchora amesimama, karai la nguo kichwani.

Alipofungua ukumbi alikuta karai limetuliwa chini, kwenye nyasi za picha. Nyota hayupo.

Hakushangaa sana. Siku zote za kuchorwa Nyota alilalamika kwamba shingo inamuuma, naye akawa anamjibu, "Bado kidogo." Kilichomkera ni kwamba ameondoka bila kuaga. Chini ya shuka palikuwa na karatasi iliyobandikwa na Padri: "Mwanamke na karai. Kazi ya boy." Jina la Alfani halikuwepo. Na sasa hata mwanamke hayupo, lilibaki karai tu.

Akaanza kutundika mapazia huku akimtafuta. Picha iliyofuata ilikuwa ya Lukumani, mpishi, ambaye alichora kuku mzima juu ya lituma, ndizi za kupondwa, kwa mafuta ya mawese, hadi ukuta wa nyuma ukalowa. Kuku huyo alikuwa na paja moja. Baada yake ilikuja picha ya Évariste, karani wa mashine ya kuandika, ambaye kila jioni kwa miezi mingi alikuwa akichora gari jekundu. Kwenye usukani alikaa Nyota, paja la kuku mkononi, akiangalia vizuri wapi ufunguo unaingia.

Évariste mwenyewe aliingia amebeba viti.

"Papa Alfani," akasema, "bibi yako iko mu motokari yangu."

"Ninamuona. Atajua kuiendesha?"

"Mimi pia sijui, na ni mimi niliichora."

"Freni iko?"

Évariste akaweka viti chini, akafikiri. "Bon. Freni nilisahau."

Alfani akasogea karibu na picha. "Nyota, shuka chini. Wazungu wako njiani."

Nyota akafuta vidole kwenye kitenge, akageuza ufunguo.

Gari lilitoka kwenye picha ya Évariste, likafuata ukuta polepole likiacha mistari miwili ya matope kwenye chokaa mpya, likaingia kwenye picha ya Monsieur René. Huyu alikuwa mwalimu wa hesabu, na baada ya masomo alipenda kuchora. Alikuwa amechora baraza la hoteli ya ukingoni mwa mto, pale ambapo weupe peke yao walikaa kunywa. Picha yake ilikuwa na fremu ya dhahabu na jina lake kwa herufi kubwa. Gari, bila breki, lilisimama kwa sababu lilikuta meza. Nyota akashuka, akaomba radhi kwa waliomwagikiwa, akavuta kiti na kuagiza limonade. Mhudumu akamletea, kwani René alikuwa amemchora anatabasamu tu, na kukataa hakujui.

Kengele ikalia. Wafanyakazi wote weusi wakatolewa kwa mlango wa jikoni, maana ukumbi ulikuwa wa wageni. Alfani akabaki barazani nje, akichungulia kupitia pengo la mapazia yake mwenyewe.

Padri Mkurugenzi alipoiona picha, alimwita René pembeni. "Mtoe."

René akachukua chaki, akachora polisi haraka haraka. Polisi akaenda hadi kwenye meza ya Nyota, akapiga saluti, akavua kofia yake nyekundu na kuuliza kama paja la kuku limebaki. Nyota akampa mfupa. Basi René akachora mvua. Nyota akarudi garini, akafunga vioo, akaendelea kunywa. Mke wa daktari akapiga makofi, na wageni wengine wakamfuata. Kabla ya saa sita René alikuwa amevishwa medali ya maonyesho.

Alfani alirudi kwake, mtaa wa Kabondo, na njaa. Alimkuta Nyota, yule wa nyumbani, amekaa mkekani. Jiko lilikuwa baridi.

"Leo sikupika," Nyota akasema. "Nimeshiba, sijui nimekula nini. Na nguo yangu imelowa, lakini mvua haikunyesha."

Alfani akamweleza yote.

"Na ile motokari?"

"Uligonga meza."

"Mutu anachora motokari bila freni, alafu mimi ndiye nagonga!" Akacheka hadi akashika ubavu. Kisha akafuta macho. "Nataka kumuona huyo mwanamke."

Jumatatu Alfani alikwenda ofisini kwa Padri, kofia mkononi. Aliomba mambo mawili: mke wake aingie ukumbini mara moja, na jina lake yeye, mchoraji, liandikwe mahali. Padri alimjibu kwa upole kwamba ukumbi una utaratibu wake. Kuhusu jina, mwanamke sasa yumo katika picha ya Monsieur René, kwa hiyo ni wa Monsieur René. Shuka alimrudishia. Alfani akalifua, na usiku ule mwanafunzi mmoja akalilalia, karai likiwa upande wa miguu.

Jumapili alikuja na Nyota, wakasimama barazani kwenye dirisha. Ndani ya fremu ya dhahabu Nyota mwingine alikuwa ameegemea kiti, viatu amevua, anazungumza na polisi.

"Amenona," akasema Nyota.

"Ni kuku wa Lukumani."

Padri Mkurugenzi alipita ukumbini akielekea kwenye kanisa dogo. Mbele ya picha alipunguza mwendo, akainamisha kichwa kidogo.

"Bonjour, Madame."

Nyota wa picha akaitikia kwa kuinua glasi. Padri akageuka, akawaona wawili dirishani.

"Ninyi, tokeni hapo. Baraza si la kusimama."

Wakashuka ngazi, wakaingia juani. Walipofika barabarani Nyota akafunga kitenge chake vizuri.

"Kumbe Padri anajua kusalimia," akasema.