Mtoto Aliyelala kwa Baba Yake

Kengele ya jioni ilipolia kanisani Kibosho, Kornelia alikuwa amemaliza kumwogesha mwanawe Victoria na sasa anampaka mafuta magotini. Nje, mama yake, Bibi Dominika, alikuwa akikatakata migomba ya kulisha ng'ombe. Kornelia alimvisha mtoto sweta, akamlaza katikati ya kitanda, akamfunika vizuri. Kisha Victoria akaondoka, kama kila jioni. Hakulia wala hakutambaa. Blanketi lilinywea taratibu, basi.

Wakati huohuo Henrik, baba yake, alikuwa anamsubiri jikoni kwake huko Ulaya, chupa ya maziwa mkononi.

Asubuhi Victoria alirudi amevaa soksi za sufu, ananukia sabuni ya kigeni. Bibi Dominika alimgeuza huku na huku.

"Mwambie mkwe wangu aache kumkaza nepi," alisema. "Mtoto ana alama kiunoni."

Kornelia alimpata Henrik alipokuwa anasoma huko Ulaya. Viza ya masomo iliisha kabla ya harusi, tumbo likiwa limeshachomoza, na wakubwa wa huko wakamwambia hawezi kungojea ndoa akiwa ndani ya nchi yao. Arudi kwao, aombe upya. Njia zilikuwa mbili. Kwa viza ya mchumba, angesafiri kwanza na kufungia ndoa kule. Kwa viza ya mke, angefunga ndoa hapa na kusafiri na cheti. Wakachagua ya mchumba, kwa kuwa waliambiwa ndiyo ya haraka.

Siku ya usaili walishuka Moshi mjini wote watatu. Ofisi ya viza ilikuwa ghorofani, juu ya duka la mbegu na dawa za mifugo. Walikalishwa kwenye benchi toka asubuhi mpaka jua likaanza kuzama, ndipo afisa, Bwana Praygod, akawaita. Bwana Praygod ni mtu wa Machame. Hakuwahi kuvuka mpaka wa Namanga, lakini aliilinda nchi ya Henrik kama vile theluji yake yote aliizoa yeye kwa koleo.

"Shikamoo bibi," alisema bila kuinua macho.

"Marahaba, mwanangu."

"Dada, umeolewa?"

"Bado, kaka. Ndiyo maana naomba ya mchumba."

Bibi Dominika hakuweza kuvumilia. Binti yake amezaa, halafu mtu wa Machame adhani wazee hawakukaa kumwoza?

"Bado nini! Mbege ilishanywewa!" alisema. "Ukoo mzima ulikaa. Shemeji yangu Filbert alimwakilisha mkwe, akapokea kata ya pombe kwa niaba yake, akainywa mpaka chini."

Bwana Praygod aliacha kuandika. Alionekana kufurahi kwa mara ya kwanza siku hiyo.

"Kumbe ameolewa kimila. Mke hapewi viza ya mchumba."

"Basi mpe ya mke."

"Cheti cha ndoa kiko wapi?"

"Cheti cha mbege?" aliuliza Bibi Dominika. "Filbert alilewa mbele ya watu wote. Unataka cheti gani tena?"

Bwana Praygod alicheka peke yake. Kornelia alitaka kusema jambo, lakini kengele ya jioni ikalia mjini, na Victoria, aliyekuwa amelazwa juu ya meza ya afisa, akaondoka. Kanga aliyofunikwa ikabaki bapa mbele ya kompyuta.

Bwana Praygod aliitazama.

"Amepita mpaka gani?"

"Hapiti mpaka, kaka. Anakwenda kwa baba yake."

"Wote huwa mnasema mnakwenda kwa mtu. Anarudi lini?"

"Asubuhi."

"Kwa hiyo hapitilizi muda. Hilo zuri. Ila ameingia bila viza." Akagonga vitufe. "Itaathiri ombi la mama."

"Lakini si ndiyo uthibitisho kwamba sisi ni familia kweli?"

"Yeye ndiyo," alisema Bwana Praygod, akiikunja kanga na kumrudishia. "Uhusiano wake na baba tumeuona. Wa kwako, dada, haujathibitika."

Jibu lilikuja baada ya mvua za masika. Kornelia hawezi kwenda kama mchumba kwa kuwa ni mke. Hawezi kwenda kama mke kwa kuwa hajaolewa. Zaidi ya hayo, anaishi na mvunjaji wa sheria za uhamiaji. Henrik alisema atakuja wafunge ndoa parokiani, waanze upya. Bwana Praygod alilisifu wazo hilo. Ila waliokataliwa hukaa mwisho wa foleni, alisema, na mwisho wa foleni hiyo hata yeye hajawahi kuuona.

Victoria aliendelea kwenda.

Asubuhi moja alirudi akicheka, na ndani ya kicheko mlikuwa na jino. Bibi Dominika alimpanua mdomo haraka, maana Kibosho jino la kwanza likitokea juu ni mkosi, wazee hawalali.

"La chini," alisema. "Yesu na Maria, asanteni." Akaenda kukamua.

Jana jioni ufizi ulikuwa mtupu, Kornelia aliupapasa mwenyewe. Basi lilichomoza usiku, kwa baba yake. Simu iliita. Ni Henrik.

"Umeliona?"

"Nimeliona," alisema Kornelia.

Akaweka simu chini, akamnyonyesha mtoto. Victoria akamng'ata. Iliuma kwelikweli, na Kornelia hakumtoa.